Namna ya Kuandika Simulizi ya Suria wa Nasaba Iliyoanguka katika Kasri za China

Tangu TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili mwaka 2011, hamu ya visa vya kasri za China imekua sana jijini Dar es Salaam, na sasa waandishi vijana wa simulizi za simu wanavitunga wenyewe, sehemu baada ya sehemu, kwa wasomaji wanaovifuata wakiwa kwenye daladala au wakisubiri wateja katika maduka ya Kariakoo. Mhusika anayependwa mno ni mwanamke aliyekuwa suria au binti wa mfalme katika nasaba iliyopinduliwa, kisha akajikuta ndani ya kasri la yule aliyeipindua. Ni mhusika anayestahili kuandikwa vizuri. Kwa bahati mbaya simulizi nyingi huanza na uzuri wake na kuishia na sumu kwenye kikombe, na kati ya hayo mawili hakuna kinachoonyesha kwamba tuko China, wala kwamba tuko katika karne moja na si nyingine. Ninachopendekeza ni kuanza na daftari la kasri. Jiulize mwanamke huyu aliandikwa wapi siku alipoingia, kwa cheo gani, alipewa posho gani, alilazwa katika jengo gani, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumhamisha. Ukishayajua hayo, hofu yake na ujanja wake utaviona bila kuvibuni.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chagua anguko moja na mwaka wake. Kutoka mwaka 221 K.K., Qin Shi Huang alipoziunganisha dola za China, hadi mwaka 1912, nasaba ya Qing ilipojiuzulu, ni zaidi ya miaka 2000, na desturi za kasri zilibadilika mara nyingi katika muda huo. Qin Shi Huang mwenyewe alijenga karibu na mji wake wa Xianyang mifano ya kasri za wafalme aliowashinda, akazijaza wanawake waliotekwa kutoka kwao, na alipokufa mwaka 210 K.K. mwanawe aliamuru wale ambao hawakuwa na watoto wamfuate kaburini. Mwaka 280 nasaba ya Jin iliishinda Wu, na mfalme Sima Yan akachukua wanawake 5000 hivi wa kasri la Wu na kuwaongeza juu ya wale aliokuwa nao. Mwaka 589 nasaba ya Sui iliiangusha nasaba ya Chen. Mwaka 1127 Wajurchen, watu wa kaskazini, waliuteka Kaifeng, mji mkuu wa Song, wakaenda kaskazini na wafalme wawili pamoja na maelfu ya watu wa kasri. Kila anguko kati ya haya lina utaratibu wake wa kuwagawa wanawake, na simulizi inayochanganya mawili kati yake haitamridhisha msomaji makini.

Wa kujifunzia, kwa maoni yangu, ni Bo Ji. Alikuwa suria wa Wei Bao, mfalme wa Wei, katika vita vilivyofuata kuanguka kwa Qin. Mtabiri aliyeitwa Xu Fu alimtazama, akasema atamzaa mtawala wa dola nzima. Wei Bao aliposikia hayo aliuvunja ushirika wake na Liu Bang, mwanzilishi wa nasaba ya Han, kwa sababu aliamini kwamba mtoto huyo angekuwa wake. Akashindwa vitani, na Bo Ji akapelekwa kwenye chumba cha ufumaji cha Han.

Mwandishi mwenye haraka hukiruka chumba hiki na kukimbilia kitanda cha mfalme, ilhali humu ndimo msomaji anamopata kumfahamu mwanamke mwenyewe. Wanawake wa mfalme aliyeshindwa walikuwa nguvu kazi. Walihesabiwa, wakapewa kazi, na kazi yao ilionekana mwisho wa siku katika urefu wa kitambaa. Mwanamke aliyezoea kuhudumiwa anakaa mbele ya mtambo wa kufumia, vidole vikiwa havijazoea uzi, na anayemsimamia hamjui wala hajali kwamba aliwahi kutabiriwa makuu. Utabiri wenyewe sasa ni hatari kwake, kwa kuwa ndio uliomponza mumewe. Andika sehemu nzima hapo. Sima Qian, mwanahistoria wa Han, anasema kwamba Liu Bang aliingia siku moja katika chumba cha ufumaji, akamwona, akaamuru ahamishiwe nyumba ya wanawake, kisha ukapita zaidi ya mwaka bila kumwita.

Kilichobadilisha maisha yake ni ahadi ya ujanani. Bo Ji na wenzake wawili, Bi Guan na Zhao Zi'er, waliwahi kuapizana kwamba atakayetangulia kupata heshima asiwasahau wengine. Hao wawili walikuwa wamekwisha kupendwa na Liu Bang, na siku moja walikuwa wamekaa naye wakicheka wakikumbuka kile kiapo. Mfalme akauliza wanacheka nini, wakamweleza. Akamwonea Bo Ji huruma na kumwita siku hiyohiyo. Mtoto aliyezaliwa alikuwa Liu Heng. Baada ya hapo Bo Ji hakuonana na mfalme ila kwa nadra, na jambo hilo lilimwokoa, kwa kuwa Liu Bang alipofariki mwaka 195 K.K. malkia wake, Lü, aliwafungia na kuwatesa wanawake waliokuwa wamependwa, lakini Bo Ji akaruhusiwa kumfuata mwanawe katika jimbo la mbali la Dai. Mwaka 180 K.K. wakuu wa dola walipotafuta mrithi walimchagua Liu Heng, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba ndugu wa mama yake walijulikana kuwa watu wapole. Mwanamke wa chumba cha ufumaji akawa mama wa mfalme.

Kuna mambo mawili ya kuchukua katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba kutotazamwa kunaweza kuwa ulinzi, kwa hiyo usimfanye mhusika wako apendwe na mfalme kuanzia sehemu ya pili. Mwache asahauliwe, na umwonyeshe anavyojifunza kuishi ndani ya kusahauliwa huko. La pili ni kwamba urafiki wa wanawake wa kasri una uzito kama ushindani wao, na pengine zaidi. Tamthilia zimetuzoesha wivu tu. Lakini katika anguko la mwaka 1127, miaka zaidi ya 1300 baada ya Bo Ji, tunakuta jambo lilelile: Bi Wei na Bi Qiao, wote wa nyumba ya Huizong, mmoja wa wale wafalme wawili waliotekwa, walikuwa wameapizana undugu tangu walipokuwa watumishi wa malkia mmoja. Walipelekwa wote kaskazini kama mateka. Mwana wa Bi Wei, Gaozong, akawa mfalme wa Song ya Kusini, yaani dola ya Song iliyobaki kusini, na baada ya mapatano na Wajurchen mama huyo akarudishwa mwaka 1142 pamoja na jeneza la Huizong. Bi Qiao hakurudishwa. Siku ya kuagana alimpa mjumbe aliyekuwa akimsindikiza mwenzake wakia 50 za dhahabu, akamwomba amtunze dada yake njiani. Kuna riwaya nzima ndani ya tendo hilo, na sijaona mtu aliyeiandika kwa Kiswahili.

Sasa suala la cheo, ambalo wengi hulifanya pambo. Cheo kilikuwa ndicho kipimo cha chakula, nguo, watumishi na mahali pa kulala. Katika nasaba ya Tang, chini ya malkia, utaratibu wa maandishi uliweka wanawake wanne wa daraja la juu, kisha tisa, kisha 27, kisha 81. Katika nasaba ya Qing ngazi zilikuwa nane, kuanzia malkia, huangguifei, guifei, fei, pin, guiren, changzai, hadi daying. Posho ya mwaka ilipangwa kwa wakia za fedha, wakia ya Kichina ikiwa na uzito wa gramu 37 hivi: malkia 1000, huangguifei 800, guifei 600, fei 300, pin 200, guiren 100, changzai 50, daying 30. Vijakazi navyo vilipangwa, malkia 10 na daying wawili. Tazama pengo lililopo kati ya guifei na fei: hatua moja tu, posho inashuka kwa nusu. Mhusika anayeshushwa cheo hapo anapunguziwa vijakazi, na kijakazi anayeondolewa anaondoka na siri zote alizozisikia usiku. Huhitaji sumu ili msomaji aingiwe na wasiwasi.

Angalia pia njia ya kuingilia. Qing ilichagua wanawake wake kwa kawaida kutoka familia za vikosi vyake, vilivyoitwa Mabendera, kwa ukaguzi wa kila miaka mitatu, kwa hiyo suria wa Ming, nasaba iliyotangulia Qing, anayetekwa mwaka 1644 na kupandishwa moja kwa moja hadi fei wa Qing si jambo la kuandika bila maelezo. Ukitaka mateka apande ngazi za mshindi, nenda Han, Jin, Sui au Tang. Katika nyakati hizo kulikuwa na sehemu ya kasri iliyoitwa Yeting, walikowekwa wanawake wa koo zilizoanguka, na ndiko wengine walikotolewa kupelekwa kwa mfalme.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa binti wa Chen, anayejulikana kwa cheo chake cha mwisho cha Bibi Xuanhua. Mwaka 589 majeshi ya Sui yalipoingia Jiankang, mji ambao leo ni Nanjing, mfalme Chen Shubao alijificha kisimani pamoja na wanawake wake wawili, Zhang Lihua na Bi Kong. Askari wakashusha kamba, wakashangaa uzito wake, kisha wakawaona watatu wakitoka pamoja. Zhang Lihua, aliyekuwa akishauriana na mfalme kuhusu mambo ya dola, alikatwa kichwa kwa amri ya Gao Jiong wa Sui, na lawama za kuanguka kwa Chen akatwishwa yeye. Dada wa mfalme, msichana aliyekuwa hajafika miaka 15, alipelekwa Yeting, kisha akachaguliwa kuwa miongoni mwa wanawake wa Wendi, mfalme wa Sui aliyeiangamiza nyumba ya baba yake. Malkia Dugu alikuwa na wivu mkali, na mpaka alipofariki mwaka 602 wanawake wengine hawakuthubutu kujitokeza. Baada ya hapo Xuanhua ndiye aliyeshika mambo ya ndani ya kasri.

Mwaka 604 Wendi aliugua. Historia rasmi ya Sui inasimulia kwamba mwana mrithi, Yang Guang, alitaka kumshika Xuanhua kwa nguvu, naye akamweleza mgonjwa. Siku hiyohiyo mfalme akafa. Alasiri akaja mjumbe na kijisanduku cha dhahabu kilichozibwa kwa karatasi yenye mwandiko wa Yang Guang. Xuanhua aliogopa kukifungua, akidhani kina sumu, mjumbe akamhimiza, ndani mlikuwa na mafundo ya hariri, alama ya mapenzi. Wanawake waliomzunguka wakafurahi wakisema wamepona kifo. Yeye akakasirika, akakaa kitako, akakataa kushukuru, mpaka wenzake walipomlazimisha kuinama mbele ya mjumbe. Mwaka uliofuata alifariki.

Lisome tukio hilo polepole kabla ya kuliandika. Wale wanawake wengine hawakuwa wabaya. Maisha yao yalifungamana na jibu lake, na walimwinamisha kwa sababu walitaka kuishi. Hapo pana mgongano wa kweli kabisa, na unatokana na sheria ya kasri kwamba bibi akianguka, watu wake huanguka naye. Ukilijenga tukio lako juu ya mapenzi ya siri kati ya Xuanhua na Yang Guang, utakuwa umeitupa hasira yake, nayo ndiyo sauti yake pekee iliyotufikia.

Hata hivyo, jiulize ni nani aliyetuletea habari hizo. Historia ya Sui ilikamilishwa mwaka 636 chini ya Tang, nasaba iliyoirithi Sui na iliyokuwa na kila sababu ya kumwonyesha Yang Guang kuwa mtu muovu. Wanahistoria wa nasaba mpya walikuwa na vielelezo viwili vya wanawake wa nasaba iliyopita: mrembo aliyeangusha dola na mwaminifu aliyejiua. Wale walioendelea kuishi, wakafuma, wakazaa, wakazeeka, hupewa mistari michache. Simulizi yako ifanye kazi kwenye mistari hiyo michache. Usimrudishie Zhang Lihua lawama aliyobebeshwa na walioshinda, kana kwamba majeshi, kodi na mto Yangtze havikuwa na sehemu katika kuanguka kwa Chen.

Mtoto naye hubadilisha hesabu zote. Msomaji wa pwani atawakumbuka mara moja masuria wa Sayyid Said wa Zanzibar, kama Jilfidan, mama wa Sayyida Salme, Mcherkesi aliyetekwa utotoni. Chini ya sheria ya Kiislamu suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na huwa huru bwana huyo akifariki. Usiipeleke sheria hiyo China. Kule mtoto alimpa mama nafasi ya kupandishwa cheo, lakini pia aliweza kuwa hatari, hasa damu ya nasaba mbili ilipokutana ndani yake. Taizong wa Tang alizaa na binti wa Yang Guang mwana aliyeitwa Li Ke. Mwaka 643 alifikiri kumfanya mrithi, waziri wake Zhangsun Wuji akapinga, na mwaka 653 Li Ke akauawa kwa tuhuma za njama. Na kwa asiyekuwa na mtoto, kifo cha mfalme kiliweza kuwa kifo chake: desturi ya kuwaua masuria ili wamfuate mfalme ilirudi katika nasaba ya Ming, ikakomeshwa kwa wasia wa mfalme Yingzong mwaka 1464.

Kuhusu vitu vya nyumbani nitapita haraka. Wanawake wa Han na Sui walikaa chini, kwenye mikeka na majukwaa mafupi. Viti vya kawaida vilienea baadaye, hasa wakati wa Song. Daftari la Bo Ji lilikuwa vipande vya mianzi au mbao, si karatasi. Desturi ya kufunga miguu ya wasichana ili isikue ilianza kuenea baada ya Tang. Kusuka nywele za wanaume mkia mmoja mgongoni ni amri ya Qing. Mahindi na pilipili kali, vyenye asili ya Amerika, visionekane mezani kabla ya karne ya 16. Ukiwa na shaka na kitu, kiache nje.

Majina yanahitaji uangalifu zaidi. Wengi wa wanawake hawa waliandikwa kwa jina la ukoo na cheo tu. Katika hadithi ya kubuni unaweza kumpa mhusika wako jina, lakini usimbandike mtu wa historia jina ulilolitunga. Na kwa kuwa simulizi nyingi siku hizi husomwa kwa sauti na kurekodiwa, jifunze kutamka: X iko karibu na sh yetu, Q na ch, Zh na j. Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha Kichina, na mtu aliyesoma huko anaweza kukusahihishia orodha ya majina yako kwa muda mfupi. Katika mazungumzo, waache wanawake wa chini wawaite wa juu kwa vyeo vyao, na wanaopendana waitane dada na mdogo wangu. Usiwatie mdomoni misemo ya mtaani ya Dar es Salaam, hata kama itawachekesha wasomaji, kwa sababu utavunja heshima ambayo simulizi nzima inaisimamia.

Mwisho wa simulizi uchukue kutoka kwenye kumbukumbu pale zinapokuwepo. Malkia Xiao, mke wa Yang Guang, alishuhudia mumewe akiuawa mwaka 618, akapita mikononi mwa waliomuua, kisha kwa Dou Jiande, kisha kwa Waturuki wa Mashariki, wafugaji wa nyika za kaskazini mwa China, akarudishwa Tang mwaka 630. Hekaya za baadaye zimemwoza kwa mwanamume baada ya mwanamume, lakini kumbukumbu rasmi hazisemi hivyo. Alipofariki alizikwa pamoja na mumewe, na makaburi yao yaligunduliwa Yangzhou mwaka 2013, la kwake likiwa na taji lake, ambalo wataalamu walilifanyia kazi ya kulirejesha katika umbo lake. Hana haja ya ndoa za kubuniwa. Safari yake inatosha sehemu nyingi.

Na kama unataka anguko lililo karibu nasi, chukua Qing. Baada ya kujiuzulu kwa nasaba hiyo Februari 1912, wajane wa wafalme Tongzhi na Guangxu waliendelea kuishi ndani ya kasri la Beijing kwa miaka 12, wakihudumiwa na matowashi katika dola isiyokuwa na mfalme, mpaka Puyi, mfalme wa mwisho aliyejiuzulu, alipofukuzwa tarehe 5 Novemba 1924. Wajane wawili waliobaki, Jingyi na Ronghui, walitoka baadaye mwezi huohuo. Suria wa Puyi, Wenxiu, aliyeolewa mwaka 1922 akiwa msichana wa miaka 12 au 13, alikimbia nyumba ya mumewe mjini Tianjin mwaka 1931, akaweka wanasheria, akadai talaka na kuipata pamoja na yuani 55,000. Aliishi hadi mwaka 1953. Kwa mwandishi anayeanza ningependekeza huyu, kwa kuwa tarehe zake zinajulikana, magazeti ya wakati wake yalimwandika, na hatua kubwa ya maisha yake aliichukua mwenyewe.